Fimbo Mbili kwa Ajili ya Missouri

Mwalimu Cikuru Mushagalusa hajasimama mbele ya darasa kwa miaka kumi na moja, lakini kati ya Wakongo wa Louisville hakuna anayemwita kwa jina jingine. Kwenye ghala la vifurushi anakofanya kazi, wenzake Wamarekani humwita Siki, kwa kuwa ndivyo wanavyosoma jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Akitoka getini tu, anakuwa mwalimu tena. Kanisani ni mwalimu. Dukani Highview, anakonunua unga wa muhogo na samaki wakavu, ni mwalimu. Hata mkewe, Clémence, akimkasirikia huacha kumwita Papa Gloire akamwita mwalimu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyechoka na somo.

Somo lenyewe lilikuwa jiografia. Alilisomea Bukavu, akaanza kulifundisha Walungu akiwa na miaka ishirini na minne, na vita vilipomtoa kwao akaenda nalo hadi Tanzania, kambi ya Nyarugusu. Huko alilifundisha miaka kumi na sita bila kitabu hata kimoja. Mito, milima, maziwa na majangwa ya dunia nzima yalikuwa kichwani mwake, kila kimoja na urefu wake au kimo chake. Kwenye ukuta wa udongo wa darasa alichora Amerika ya Kaskazini kwa mkaa, na kila mvua ilipoloanisha ukuta na kufuta mkaa, alichora upya. Watoto waliopita mikononi mwake waliijua milima ya Rocheuses ya Amerika kabla hawajajua Kigoma iko upande gani.

Kisha maisha yakampeleka Amerika yenyewe, naye hakuiona. Alichokiona ni nyumba ya ghorofa ya pili mtaa wa Highview, barabara ya kwenda kazini, na vifurushi vikipita mbele yake kwenye mkanda, vimeandikwa majina ya miji aliyowahi kuifundisha: Denver, Omaha, Salt Lake City. Alivigusa, vikaenda. Yeye akabaki.

Mwezi wa kwanza mwaka huu msimamizi wake alimwambia kwamba siku zake za likizo zimejaa, na asipozitumia zitapotea. Cikuru alitembea na habari hiyo kichwani siku tatu. Jumamosi asubuhi, Clémence akiwa anasonga ugali, akasema:

"Mama Gloire, mwaka huu tunaenda magharibi. Tutakodisha RV."

Clémence alizijua RV kwa kuziona barabarani, magari makubwa kama basi dogo, yenye vitanda, jiko na choo ndani. Yeye aliziita nyumba za magurudumu.

"Na tutalala wapi?"

"Mu gari yenyewe. Tunafika pahali, tunapiga kambi, asubuhi tunaenda mbele."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Umesema nini?"

"Kambi. Wamarekani njo banafanyaka vile, wakati wa joto."

"Papa Gloire. Mimi nililala mu kambi miaka kumi na sita. Nilipanga mustari juu ya maji, nikapanga mustari juu ya unga, nikapanga mustari juu ya choo. Siku tulipanda ndege nililia, nikasema Mungu asante. Sasa unataka tulipe makuta turudi mu kambi?"

Gloire, mtoto wao wa mwisho, alijibu kwa Kiingereza kutoka chumbani kwake kwamba kambi za huku zina bafu za maji ya moto. Mama yake akamwambia aende yeye basi. Gloire akasema hawezi, amepata kazi ya kiangazi kwenye bwawa la kuogelea, na mlango ukafungwa.

Cikuru hakubishana. Alimpigia simu Donati.

Donati alikuwa mwanafunzi wake Nyarugusu. Sasa ni mtu wa miaka thelathini na mitano, ana mke na watoto watatu, anaishi Buffalo, mtaa wa Lower West Side, na anaendesha malori marefu ya mizigo. Kwa mwalimu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana yeye mwenyewe hawezi kuegesha hata gari la kanisa bila kupanda ukingo wa barabara.

"Mwalimu, minakubali," Donati alisema kabla hajamaliza kuulizwa. "Lakini nasema mbele: mu RV, dereva njo president."

Mtu wa nne aliletwa na Clémence mwenyewe, bila kutaka. Alimpigia Ernestina ili apate wa kumuunga mkono. Ernestina ni Mtanzania wa Kasulu. Alikuwa nesi kwenye zahanati ya kambi, na ndiye aliyempokea Gloire siku alipozaliwa. Baadaye alikuja Ohio kusoma, akabaki, na sasa anafanya kazi hospitalini Columbus na kukaa Gahanna, kwenye nyumba ambayo ndege huipita chini chini zikienda kutua. Clémence alimweleza jambo lote kwa uchungu. Ernestina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mnaondoka lini? Nina wiki mbili zangu za likizo sijazigusa."

"Ernestina, umesikia niliposema kambi?"

"Nimesikia, Mama Gloire. Mimi nilikuwa nesi wa kambi, nikitoka jioni narudi kwetu. Niache na mimi nilale huko nione."

Clémence alikaa na simu mkononi. Wakienda wote watatu, yeye atabaki Highview na nani? Mwishowe alisema ataenda, ila chakula atakipanga yeye, na siku akiona mstari wa choo atapanda basi arudi.

Wakakutana Gahanna mwezi wa tatu, kwa kuwa Columbus iko katikati. Donati alichelewa saa mbili kwa sababu ya theluji njiani, akaingia akipangusa viatu na kuomba chai. Mwalimu alikuwa ameshatandaza ramani juu ya meza ya chakula ya Ernestina, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe. Aliichora njia kwa kalamu nyekundu: kutoka Louisville hadi Kansas, Colorado kwenye milima, kisha kusini hadi lile korongo kuu la Arizona. Ernestina alikuwa ameshanunua kofia pana ya majani kwa ajili ya korongo hilo. Aliivaa humo humo ndani wakati wa mkutano.

"Kwa siku maili mia nne, si zaidi," Donati alisema. "Gari ya namna hii si lori. Na tusiingie mu mji saa ya watu kutoka kazini."

"Imeandikwa," mwalimu akasema, na kweli aliandika.

Walipofika kwenye mito ya kuvuka, Donati alicheka peke yake. Ernestina akamuuliza anacheka nini.

"Mwalimu alinichapa fimbo mbili juu ya mto."

"Mto gani?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Aliuliza mto mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Mimi nikasema Missouri."

"Na jibu ni Mississippi!" mwalimu akadakia, huku akicheka. "Nikamuuliza, umetoa wapi hiyo? Akasema, mu karatasi iliyofunga karanga. Nikamwambia, karanga hazifundishi jiografia."

Clémence alicheka, Ernestina akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. Donati naye alicheka, lakini aliinama juu ya ramani akauliza kama kule Kansas kuna upepo mkali. Hakuna aliyelitia jambo hilo maanani.

Mwalimu alirudi Highview akaanza kazi. Aliomba vijitabu vya bure vya utalii kutoka kwenye majimbo yote ya njiani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoacha kitu, akaomba na vya majimbo ya jirani. Sanduku lao la barua lilijaa mpaka mtu wa posta akaanza kuviacha mlangoni. Alivisoma kazini saa ya chakula. Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumanne moja, akiwa na kijitabu cha South Dakota mkononi na mkate wa mayai mdomoni, alisoma sentensi moja akaacha kutafuna. Ilisema kwamba jimbo hilo linapitiwa na Missouri, mto mrefu kuliko yote katika Amerika ya Kaskazini.

Alidhani ni majigambo ya jimbo. Akatazama kwenye simu. Jioni, akitoka kazini, akapita maktaba akafungua ensaiklopidia kubwa, ile ambayo lazima uisome umesimama. Vyote vilisema kitu kimoja. Missouri inaipita Mississippi, kwa tofauti ndogo, lakini inaipita.

Akakumbuka vizuri kosa lilikoanzia. Kitabu alichosomea Bukavu kiliandika Mississippi-Missouri kama mto mmoja wenye jina refu. Yeye, ili iwe rahisi kwa watoto kukariri, alikuwa amekata jina la pili.

Alimweleza Clémence akiwa bado amevaa koti. Clémence alicheka mpaka akakaa chini. Alipomwona mumewe hacheki, akajipangusa macho.

"Bon, umwambie basi. Simu iko hapo."

Alipiga. Donati aliitika kwa furaha, akasema yuko Pennsylvania anashusha mzigo. Mwalimu alimuuliza habari za mke, habari za watoto, kisha akamuuliza matairi ya RV yanatakiwa kuwa na upepo kiasi gani. Donati alimweleza kwa kirefu. Wakaagana.

"Umemwambia?" Clémence aliuliza.

"Tumezungumza matairi."

Wiki ile mwalimu aliifuta njia yote. Haikwenda tena Colorado wala Arizona. Kalamu nyekundu ilitoka Louisville ikaikuta Missouri karibu na Kansas City, ikapanda nayo kaskazini, Iowa na Dakota, ikauacha mto na kukata Wyoming, mpaka mahali panapoitwa Three Forks, jimbo la Montana, ambapo mito mitatu midogo inakutana na mto huo unaanza kuitwa Missouri. Alipiga picha ramani mpya, akaituma kwenye kundi lao la simu bila maelezo.

Jibu la Ernestina lilikuja kwa sauti, na Clémence alilisikiliza mara mbili kwa raha.

"Mwalimu, shikamoo. Nimeiona ramani. Korongo langu liko wapi? Mimi nilikubali safari ya korongo, nikanunua na kofia, leo naletewa safari ya mto. Mto ninao hapa Columbus, unapita katikati ya mji, siulipii kitu. Safari hii ni ya watu wanne, mwalimu, si darasa lako. Naomba maelezo."

Alikuwa na haki, na mwalimu alilijua hilo. Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa ya siku moja, akaendesha gari taratibu hadi Gahanna. Ernestina alimfungulia mlango akiwa amekunja mikono. Mwalimu alimweleza yote pale pale kizingitini, kuhusu kitabu cha Bukavu, jina lililokatwa, na mtoto wa miaka kumi na tatu.

"Na sasa unakwenda wapi?" Ernestina aliuliza.

"Buffalo. Kesho wanafunzi wangu wa zamani wanakula pamoja kwa Donati, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilimchapa mbele ya watu. Siwezi kumuomba msamaha kwa simu."

Ernestina alimtazama kidogo. "Utalala hapa, asubuhi tunakwenda wote. Jambo hili sitaki kusimuliwa."

Donati anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya zamani, ngazi zake zinalia ukizipanda, na ukiwa barazani unausikia upepo wa ziwa. Mkewe, Isimbi, alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Kulikuwa na wanafunzi wanne wa lile darasa, wawili wanafanya kazi kiwandani, mmoja anatunza wazee, na Revokatus mwenye duka la nyama. Walipomwona mwalimu mlangoni walisimama wote kwa pamoja, watu wazima wenye vitambi, kama kengele imepigwa.

Alikataa kukaa. Alikataa na maji.

"Nakaa nikimaliza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Mwaka wa elfu mbili na tatu niliuliza swali mbele yenu. Donati alinyoosha kidole akasema Missouri. Nikasema hapana. Nikasema karanga hazifundishi jiografia, ninyi wote mukacheka, nikamuchapa fimbo mbili. Sasa nimetafuta mu vitabu. Donati alisema kweli. Mimi njo nilikosa. Nilimuchapa mbele ya batu, donc naomba musamaha mbele ya batu. Donati, unisamehe."

Isimbi alisimama na bakuli mkononi. Kisha Revokatus akanyoosha kidole pole pole.

"Mwalimu, na mimi? Ile ya ziwa Titicaca?"

"Wewe ulisema iko Ufaransa. Ile ulikosa kweli."

Chumba kizima kiliangua kicheko, Ernestina akapiga makofi. Donati peke yake hakucheka. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi, alimvuta shati akamuuliza kwa Kiingereza kama ni kweli baba alikuwa sahihi na mwalimu ndiye aliyekosea. Donati akamwambia ndiyo, ni kweli. Kisha aliingia jikoni, wakasikia bomba la maji likifunguliwa, likaachwa wazi muda mrefu kidogo.

Alipotoka uso wake ulikuwa umeloa.

"Mwalimu, mimi nilijua," alisema. "Miaka nane sasa. Nilipeleka muzigo ku Dakota, nikafika Chamberlain, kuko pahali pa kupumzika pale juu ya mulima, unaona ule mto wote chini. Kulikuwa na ubao, wameandika. Nilisoma mara tatu. Nikacheka peke yangu mu lori kama mwenda wazimu. Kisha nikakasirika. Kisha nikala mukate wangu, nikaenda."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningesema nini? Mulikuwa munatufundisha bila mushahara, na kipande moja ya chaki kwa wiki. Nikuletee aibu juu ya mto?" Alitikisa kichwa. "Na fimbo haikuniuma sana. Ile ya hesabu njo ilikuwa fimbo. Kilichoniuma ni kicheko. Tangu siku ile sikunyoosha kidole tena, mpaka nikaacha masomo. Sisemi ni juu yako, mwalimu. Nasema tu vile ilikuwa."

"Ni juu yangu," mwalimu akasema.

"Basi nimekusamehe. Lakini kuko azabu." Sasa meno yalianza kuonekana. "RV iko na tangi ya maji machafu ya choo. Kila kambi lazima mutu aunganishe bomba, aimwage. Safari yote, hiyo kazi ni ya mwalimu."

Wote wakapiga kelele za kukubali. Cikuru akakaa, akapewa sahani, akala sombe mpaka Isimbi akaenda kupika ugali mwingine.

Suala la korongo lilimalizwa pale pale. Donati alieleza kwamba kwenye hifadhi ya Yellowstone, ambako ramani mpya ingepita, kuna korongo lake lenyewe, nalo huitwa Grand Canyon kama lile la Arizona, lenye maporomoko ya maji na kuta za rangi ya njano. Ernestina alidai picha, akaonyeshwa kwenye simu, akaitazama kwa umakini wa nesi anayesoma joto la mgonjwa.

"Sawa. Kofia itafaa."

Ilibaki kutafuta nafasi. Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila kambi ya Yellowstone ilikuwa imejaa tangu majira ya baridi. Clémence hakuamini.

"Kambi imejaa? Batu bamegombania kuingia kambini?"

"Miezi sita mbele, Mama Gloire."

"Seigneur!" Alicheka siku nzima, akawasimulia wazee anaowatunza kazini kwake, akawasimulia na watu wa kanisani. Hata hivyo ni yeye aliyepata nafasi. Alizoea kuamka mapema kuliko wote, akafungua ukurasa saa kumi na moja na nusu, akakuta mtu amefuta siku mbili zake, akabonyeza kabla hajavaa miwani. Baada ya hapo alishika daftari la safari na hakulitoa tena. Aliandika unga, mawese, sufuria mbili, mwiko, pilipili, dawa ya mbu, Biblia.

Waliondoka mwezi wa saba. Donati na Ernestina walileta RV kutoka Columbus, wakawachukua Cikuru na Clémence Highview, na majirani wa jengo zima walitoka kuingia ndani ya gari, kulala kidogo kwenye vitanda na kufungua friji. Walichelewa saa nzima kwa sababu hiyo.

Kambi ya kwanza ilikuwa jimbo la Missouri, chini ya miti, mwendo mfupi kutoka kwenye mto. Clémence alishuka akiwa amefunga kitenge kiunoni. Aliliona bomba la maji karibu na gari lao, akalifungua, akalifunga. Akatembea peke yake hadi kwenye vyoo, wengine wakimsubiri. Alirudi baada ya dakika kumi.

"Hakuna mustari," alitangaza, akaomba mkaa.

Kumwaga tangi asubuhi yake kulikuwa somo. Mwalimu alivaa glavu hadi viwikoni, akasoma maelekezo kwa sauti, hatua ya kwanza, hatua ya pili, akamweleza na Donati kwa nini maji hufuata mteremko. Kwenye hatua ya tatu bomba lilichomoka. Viatu vyake vilibaki kwenye pipa la taka la kambi hiyo, naye akasafiri hadi Iowa kwa ndala za Clémence. Tangu siku hiyo aliunganisha bomba kimya kimya, na hakupoteza tone.

Waliupanda mto siku nne. Chamberlain walisimama pale pale aliposimama Donati miaka nane iliyopita, wakala samaki na ugali juu ya meza ya mawe. Watu wawili wazee kutoka Nebraska waliuliza ni chakula gani, Clémence akawakatia na kuwafundisha kuula kwa mkono. Kwenye Badlands, vilima vikavu vya South Dakota, joto lilikuwa kali kiasi kwamba walikaa ndani hadi jua liliposhuka kidogo, na Ernestina aliwapima wote presha, apende mtu asipende. Yellowstone alisimama ukingoni mwa korongo lake na kofia imefungwa kwa kamba kidevuni, akakataa kuondoka kwa saa mbili.

Three Forks walifika Alhamisi, saa nne asubuhi. Mbu walikuwa wengi. Njia ndogo iliwapeleka kati ya nyasi hadi kwenye maji, na mwalimu aliyetembea mbele akasimama.

"Ndiyo huu?" Clémence aliuliza.

Ulikuwa mdogo. Maji yalikuwa safi, ya baridi, yanakwenda haraka juu ya kokoto, na kando yake hayakufika magotini. Mwalimu alichuchumaa akaweka mkono ndani, akakaa hivyo. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa ametamka Mississippi mbele ya watoto, na jina la mto huu alikuwa amelikata. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Donati alivua viatu, akaingia, akateleza, akaanguka mzima mzima kwa kishindo. Ernestina akamfuata na kofia yake, kisha Clémence, kitenge kimekunjwa, akipiga kelele kwamba maji yanauma kama barafu. Wakamvuta na mwalimu. Walikaa humo hadi miguu ikafa ganzi, wakatoka wakatafuta jua.

Kurudi kulikuwa kwepesi zaidi, au walikuwa wamezoea. Ernestina aliimba nyimbo za kwaya kutoka Montana hadi Illinois. Wenye Louisville wakashuka na sufuria zao, wengine wawili wakairudisha RV Columbus, na kutoka hapo Donati akaendelea peke yake hadi Buffalo. Alipofika alituma picha ya binti yake ameshika jiwe jeupe la mtoni, ananyoosha vidole viwili kwa ushindi.

Jumatatu mwalimu alirudi ghalani, pua imebabuka kwa jua. Saa ya chakula wenzake walimzunguka. Siki, ulikuwa wapi? Akasogeza chumvi na kikombe, akaweka kijiko katikati kiwe mto, akaanza tangu Louisville bila kuruka kitu. Kengele ya kurudi kazini ililia wakiwa bado Iowa.